Bima tatu katika nyumba moja: mawe ya nyongo yalivyonifundisha bei ya matibabu

Mwaka 2024 nyumba yetu ya watu wanne hapa Ohio, Marekani, ilikuwa na bima tatu za afya kwa wakati mmoja. Watoto wetu wawili walikuwa kwenye bima ya serikali. Mume wangu alikuwa kwenye bima ya kampuni binafsi, ambayo sehemu ya ada yake ililipwa na serikali. Mimi nilikuwa bado kwenye bima ya kazi ambayo mume wangu alikuwa ameshaachishwa. Miezi hiyohiyo mdogo wangu anayeishi Leicester, Uingereza, aliugua ugonjwa uleule ulionipata mimi: mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Ndiyo maana watu wanapobishana kama matibabu yaendeshwe na serikali au kila mtu akanunue bima yake, huwa nawaomba kwanza tuzungumze bili kwa bili na foleni kwa foleni. Naandika kwa ajili ya ndugu walioko Marekani na wale wanaojiandaa kuja, kwa sababu mambo mengi tuliyoyajua tumeyajua katikati ya maumivu, na hakuna sababu ya mwingine kuyajulia hapohapo.

Maumivu yalinianza usiku, chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi kwenye bega. Nilitapika mpaka nikaishiwa. Mume wangu alinipeleka idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, na tukiwa njiani nilikuwa nikiwaza bei kuliko ninavyoumwa. Kama na wewe una hofu hiyo, jua jambo hili: tangu mwaka 1986 kuna sheria ya nchi nzima inayoitaka hospitali yoyote yenye idara ya dharura na inayopokea fedha za Medicare, bima ya serikali kwa wazee, impime kila anayefika na kumtuliza hali yake, awe na bima au hana, awe na karatasi za uhamiaji au hana. Nawajua watu waliobaki nyumbani wakiugulia kwa sababu waliamini watafukuzwa mlangoni. Hawafukuzi. Lakini sheria hiyo haifuti bili. Bili itakuja, na itakuja baadaye sana, wakati umeshasahau hata sura ya daktari.

Altrasaundi ilionyesha mawe. Wakanipa dawa ya maumivu, wakanipangia upasuaji wiki kadhaa mbele, nikarudi nyumbani asubuhi.

Wakati huo mume wangu alikuwa akikatwa karibu dola 500 kila mwezi kwenye mshahara kwa ajili ya bima ya familia, na tulikuwa tukinung'unika. Hatukujua tulikuwa tunaona kipande kidogo tu cha bei. Mwaka 2024 wastani wa bima ya familia kupitia mwajiri nchini Marekani ulikuwa dola 25,572 kwa mwaka, na mfanyakazi alitoa wastani wa dola 6,296 kati ya hizo. Zilizobaki hutolewa na mwajiri, nazo kwa kweli ni sehemu ya jasho la mfanyakazi ambayo haifiki mkononi mwake.

Juu ya ada hiyo kuna fedha nyingine, na hapa ndipo wageni wengi huchanganyikiwa. Bima yetu ilikuwa na kiasi ambacho kwenye karatasi zao huitwa deductible. Hicho ni kiasi unachotoa mwenyewe mfukoni kabla bima haijaanza kulipa. Chetu kilikuwa dola 2,500 kwa mtu mmoja. Ukishakimaliza, bima inalipa asilimia 80 na wewe asilimia 20, mpaka ufikie kikomo cha mwaka, ambacho kwetu kilikuwa dola 6,000. Baada ya kikomo bima inabeba yote. Usiku ule mmoja wa idara ya dharura ulinimalizia dola 2,500 zote na kuongeza mia tatu na kitu juu yake.

Nikisema bei ya bima, basi, namaanisha vitu viwili pamoja: ada ya mwaka mzima, na kikomo cha mwaka. Vijumlishe. Hiyo ndiyo fedha utakayotoa mwaka utakaougua kweli. Bima nyingi zinazotangazwa kuwa nafuu huwa na ada ndogo kwa sababu zimekuachia mzigo huo mwingine, na hakuna atakayekujumlishia kabla hujasaini.

Kabla ya tarehe ya upasuaji, kampuni ya mume wangu ikapunguza wafanyakazi. Aliitwa na wenzake kwenye chumba kimoja, wakapewa bahasha, wakaambiwa bima itaisha siku ya mwisho ya mwezi. Alirudi nyumbani hakusema kitu hadi watoto walipolala.

Nilitaka kuelewa kwa nini kupoteza kazi kuwe pia kupoteza daktari. Jibu lina historia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, serikali ya Marekani ilizuia mishahara isipande, lakini marupurupu kama bima hayakuhesabiwa kuwa mshahara, kwa hiyo waajiri wakaanza kuvutana wafanyakazi kwa bima. Baadaye sheria ya kodi ya mwaka 1954 ikathibitisha kwamba mchango wa mwajiri hautozwi kodi, na mtindo ukakita mizizi. Rais Harry Truman alipeleka pendekezo la bima ya taifa kwenye Bunge mwezi Novemba 1945 na likashindikana. Kilichokuja kupatikana ni bima ya serikali kwa makundi fulani: Medicare kwa wazee kuanzia miaka 65, na Medicaid kwa wenye kipato kidogo. Lyndon Johnson alizitia saini zote mbili tarehe 30 Julai 1965, Truman akiwa ameketi kando yake, na ni Truman aliyepewa kadi ya kwanza ya Medicare. Wengine wote wakabaki na waajiri wao. Mume wangu alikuwa mmoja wa hao wengine wote.

Barua iliyofuata ilihusu COBRA, sheria inayokuruhusu kubaki kwenye bima ya kazi iliyokwisha, kwa kawaida hadi miezi 18, ikiwa mwajiri ana watu 20 au zaidi. Sharti lake ni kwamba unalipa bei yote mwenyewe, hadi asilimia 102: sehemu yako, sehemu ya mwajiri, na asilimia 2 za gharama za uendeshaji. Bei ya familia yetu iliandikwa kuwa zaidi ya dola 2,100 kwa mwezi. Mume wangu aliisoma, akaikunja, akaiweka juu ya friji. Kwa mtu aliyekuwa anasubiri malipo ya ukosefu wa kazi, barua ile ilikuwa kama dhihaka.

Rafiki yetu mmoja, Mkenya anayefanya kazi kwenye ofisi ya mahesabu ya kliniki, ndiye aliyetuokoa. Alikuja jioni, akaomba barua, akaisoma ukurasa wa nyuma ambao sisi hatukuufikia. Alituonyesha mambo matatu.

La kwanza, kila mtu katika familia ana haki yake ya kuchagua COBRA peke yake. Si lazima muingie wote. Bei ya mtu mmoja ilikuwa chini ya dola 800. La pili, una siku 60 za kuamua, na ukiamua ndani ya siku hizo bima inarudi nyuma hadi siku ile iliyokatika, ilimradi ulipe ada za miezi hiyo. Maana yake mtu mzima wa afya anaweza kusubiri, na akipatwa na jambo ndani ya siku hizo, akajaza fomu. La tatu ndilo lililonihusu: mimi nilikuwa nimeshatoa dola 2,500 za mwanzo kwenye bima ile. Ningehamia bima mpya, hesabu ingeanza upya kutoka sifuri, na upasuaji ulikuwa mbele yangu. Kwa mtu aliye katikati ya matibabu, ada kubwa ya COBRA inaweza kuwa nafuu kuliko bima mpya yenye ada ndogo. Kaa chini na kalamu upige hesabu kabla hujakunja barua.

Tukagawana. Mimi nikabaki kwenye COBRA peke yangu. Mume wangu akaenda HealthCare.gov, soko la bima lililotokana na sheria aliyoisaini Barack Obama tarehe 23 Machi 2010. Ukipoteza bima ya kazi una siku 60 za kujiandikisha huko bila kusubiri msimu wa kawaida, na bima haziruhusiwi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya ugonjwa ulionao. Bima za huko zimepangwa kwa majina ya madini: ya shaba inabeba wastani wa asilimia 60 ya gharama, ya fedha 70, ya dhahabu 80. Mwenye kipato kidogo aangalie ya fedha kwanza, hata kama ya shaba ina ada ndogo, kwa sababu punguzo la deductible kwa wenye kipato kidogo linapatikana kwenye ya fedha peke yake. Watu wengi wa kwetu hulikosa punguzo hilo kwa kukimbilia namba ndogo zaidi kwenye skrini.

Sisi wazazi hatukuweza kuingia Medicaid. Ohio ni kati ya majimbo yaliyokubali kuipanua kwa watu wazima hadi asilimia 138 ya kiwango cha umaskini, ambayo kwa familia ya watu wanne mwaka 2024 ilikuwa dola 43,056 kwa mwaka. Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani kwa saa chache, na malipo ya ukosefu wa kazi nayo yanahesabiwa kuwa kipato. Tulivuka kidogo. Kwa watoto kikomo ni cha juu zaidi, wakaingia. Ndugu, kama unaomba, waombee watoto hata ukijua wewe umezidi. Na kama mna kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, chini ya miaka mitano, msikate tamaa kabla ya kuuliza, kwa sababu majimbo mengi huwaondolea watoto na wajawazito sharti la kusubiri miaka mitano kabla ya kuingia Medicaid. Pia jua kwamba si majimbo yote yako hivi. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2012 kwamba jimbo haliwezi kulazimishwa kuipanua Medicaid, na mpaka leo Texas na Florida hazijaipanua. Familia kama yetu kule ingekuwa na hadithi nyingine.

Asubuhi ya upasuaji nilifika hospitali bila kula, nikiwa na begi dogo. Dada wa mapokezi aliandika jina langu, akatazama skrini, akatazama tena. "Bima yako inaonekana imekwisha mwezi uliopita," akasema. "Unaweza kulipa kiasi gani leo?"

Nilikuwa nimeshauriwa niende na jalada. Nikatoa nakala ya fomu ya COBRA niliyoijaza, risiti ya benki ya malipo ya kwanza, na jina la mtu niliyezungumza naye kwenye simu pamoja na tarehe. Nikamwambia malipo yamepokelewa, mtambo wao bado haujasasishwa. Alimwita msimamizi, msimamizi akapiga simu, nikasubiri kwenye kiti nikiwa na gauni la hospitali lenye kamba mgongoni, mume wangu amenifunika koti lake. Ilichukua muda mrefu. Hatimaye wakasema niingie. Kama ningekuwa na maneno tu bila karatasi, naamini wangenipangia siku nyingine.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri mno. Matundu madogo manne, nikaamka, nikapewa maji, jioni nikalala kitandani kwangu. Lazima niseme hili wazi kwa wanaoilaumu Marekani kwa kila kitu: madaktari na wauguzi walionihudumia walikuwa hodari, wapole, na sikusubiri. Shida yangu haikuwa na watu wenye makoti meupe.

Barua ya kwanza kutoka kampuni ya bima ilisema haitalipa chochote kwa kuwa siku ya upasuaji sikuwa mwanachama. Ile ya hospitali ikaja nyuma yake ikidai dola 38,000 na ushee. Nilikaa na karatasi ile mezani, mshono bado unauma, nikahesabu ni miaka mingapi ya kazi yangu. Sikuwa nimewahi kuona namba kama ile ikiwa na jina langu juu yake.

Ninayoyasema sasa ndiyo ningependa uyashike kuliko yote. Bili ya kwanza ya hospitali ya Marekani ni bei ya kuanzia, na karibu hakuna anayeilipa ilivyo. Kampuni za bima zina mikataba na hospitali, na bei ya mkataba huwa mbali kabisa na ile ya orodha. Kwangu, bima ilipokubali kwamba nilikuwa mwanachama, dola 38,000 ziligeuka zikawa 14,200. Ugonjwa uleule, chumba kilekile, nyuzi zilezile. Zaidi ya dola 23,000 zilifutika kwa sababu tu jina langu lilionekana kwenye orodha.

Lakini kufika hapo kulihitaji rufaa. Barua ya kukataa lazima ieleze sababu na jinsi ya kukata rufaa. Una siku 180 za kuipeleka kwa kampuni yenyewe, na wakikataa tena kwa sababu za kitabibu, au wakisema bima yako imefutwa kwa kurudi nyuma, unaweza kudai mtu huru wa nje aipitie. Mimi niliandika barua ya ukurasa mmoja. Nilieleza tarehe bima ilipokatika, tarehe nilipochagua COBRA, tarehe ya malipo, nikaambatanisha nakala, nikaituma kwa posta yenye stakabadhi. Sikuandika hasira yangu. Kila simu niliyopiga niliandika jina la aliyeipokea na namba ya kumbukumbu, na nilipoambiwa "bado inashughulikiwa" niliuliza tarehe ya kupiga tena. Kuna siku nilisikiliza muziki wa simu yao tangu watoto walipoondoka shule mpaka nikaingia zamu.

Katikati ya hayo ikaja bili nyingine, ya daktari wa nusu kaputi, dola 1,900. Alidai hayumo kwenye mkataba wa bima yangu ingawa hospitali yenyewe imo. Mimi ningemchaguaje daktari wa kunilaza usingizi? Tangu tarehe 1 Januari 2022 sheria inakataza jambo hilo: ukienda hospitali iliyo kwenye mkataba, daktari wa usingizi aliye nje ya mkataba haruhusiwi kukudai zaidi ya ambavyo ungelipa kama angekuwemo. Niliitaja sheria hiyo kwenye simu, kisha kwenye barua, na bili ikarekebishwa. Sikusikia samahani, ila ilirekebishwa.

Baada ya yote, sehemu yangu kwa ugonjwa huu mmoja ilikuwa karibu dola 5,660, achilia ada za kila mwezi. Hatukuwa nazo. Kijana wa ofisi ya malipo akanipendekezea kadi ya mkopo ya matibabu. Usikubali kabla hujauliza swali moja: je, hospitali hii ni ya shirika lisilo la faida? Kama ndiyo, sheria inailazimu iwe na mpango wa maandishi wa kuwasaidia wasiojiweza, ipokee maombi hadi siku 240 baada ya bili ya kwanza, na isikimbilie kukuharibia rekodi ya mikopo au kukushtaki kabla ya siku 120. Ukishalipa kwa kadi ya mkopo, deni lako ni la benki, na benki haina mpango huo. Nilijaza fomu, nikaambatanisha hati za mishahara na barua ya mume wangu ya kuachishwa kazi. Walipunguza zaidi ya nusu. Zilizobaki nalipa kidogokidogo kila mwezi bila riba.

Mdogo wangu alikuwa akifuatilia haya yote kwa simu, na yeye akiwa kwenye foleni yake.

Uingereza, hospitali ni za serikali, na hii ni tofauti na kuwa na bima ya serikali. Watu huchanganya. Medicare na Medicaid za Marekani ni serikali kulipa bili. Daktari na hospitali kwa kawaida ni wa watu binafsi. Canada nayo iko hivyo: tangu jimbo la Saskatchewan lilipoanza mwaka 1962, jimbo ndilo hulipa, na madaktari wengi wana kliniki zao. Mfumo wa Uingereza, NHS, ulioanza tarehe 5 Julai 1948, unakwenda mbali zaidi, kwa maana serikali ndiyo yenye hospitali na ndiyo mwajiri wa wengi waliomo. Hata Marekani ina kitu kinachofanana nao, hospitali za wanajeshi wastaafu. Kabla hujamuuliza mtu kama anapenda matibabu ya serikali, muulize anazungumzia ipi kati ya hizi.

Mdogo wangu alimwona daktari wake wa mtaa, akapigwa picha baada ya majuma kadhaa, akawekwa kwenye orodha ya upasuaji. Lengo la NHS ni kwamba asilimia 92 ya wagonjwa waanze matibabu ndani ya majuma 18, na lengo hilo halijafikiwa tangu mwanzoni mwa mwaka 2016. Kwa England pekee, mwaka 2024 orodha ya kusubiri ilikuwa na matibabu zaidi ya milioni saba yanayosubiriwa. Yeye alisubiri karibu miezi kumi. Katika kusubiri huko alibanwa mara kadhaa, na usiku mmoja akaenda idara ya dharura, akakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka kukapambazuka, akatulizwa, akarudishwa nyumbani kwenye foleni. Alinipigia asubuhi ile.

"Dada, wewe umeshapona, mimi naogopa hata kula. Nimeuliza hospitali binafsi wanataka zaidi ya pauni elfu saba. Ningekuwa nazo ningelipa leo."

Sikuwa na la kumjibu. Mimi nilikuwa na bili ya dola 38,000 mezani, na bado siku ile nisingebadilishana naye. Maumivu ya nyongo nayajua.

Alipofanyiwa hatimaye, alitoka mlangoni bila kuulizwa senti. Alilipia dawa tu, pauni 9.90 kwa kila aina. Hakuna barua iliyomfuata nyumbani. Lakini asidanganyike mtu kwamba ilikuwa bure. Analipa kodi kwenye mshahara kila mwezi, na alipoomba viza ya miaka mitatu alitoa kwanza ada ya afya ya wahamiaji, pauni 624 kwa kila mwaka, zote kwa mkupuo. Tangu Februari 2024 ada hiyo ni pauni 1,035 kwa mwaka. Unayejiandaa kwenda huko na familia, izidishe kwa idadi ya watu na miaka kabla hujauza kiwanja.

Nimelifikiria sana, na nitasema ninapoegemea. Mwaka 2023 Marekani ilitumia dola 14,570 kwa kila mkazi kwenye afya, asilimia 17.6 ya pato la taifa. Uingereza ilitumia karibu asilimia 11. Kwa fedha inazotumia Marekani, ningetegemea angalau mtu asiwe na hofu ya barua. Foleni ya mdogo wangu ni tatizo la kweli, limeumiza watu, na anayeitetea NHS bila kulitaja hawatendei haki wanaosubiri. Hata hivyo foleni ni jambo ambalo nchi inaweza kuipunguza kwa kuongeza madaktari na vyumba vya upasuaji. Saa nilizopoteza mimi hazikununua matibabu yoyote. Hakuna aliyepona kwa ajili ya simu zile.

Na mfano wangu wa karibu zaidi ni watoto wangu. Mwaka huo mtoto wetu mdogo alivunjika mkono shuleni. Medicaid ililipa, na hatukupata bili, rufaa wala swali. Bima ya serikali, daktari binafsi, mkono ukaunga. Upungufu wake tuliuona kwenye meno: kliniki nyingi za meno hazipokei Medicaid kwa kuwa malipo yake ni madogo, na nilipiga simu moja baada ya nyingine mpaka nikapata iliyo mbali na kwetu. Pia kuna barua ya kuhuisha bima hiyo. Kinga ya wakati wa korona, iliyozuia watu kuondolewa Medicaid, ilipoisha Machi 2023, watu zaidi ya milioni 25 waliondolewa kwenye Medicaid, wengi wao kwa sababu ya makaratasi, hata kabla ya kujulikana kama kipato chao bado kinawaruhusu. Ukihama nyumba, badilisha anwani Medicaid siku ileile unayobadilisha posta.

Kuna gharama moja ambayo haionekani kwenye bili yoyote. Mume wangu alipata nafasi mbili za kazi. Moja ilikuwa ya fani yake, kwenye kampuni changa isiyotoa bima. Nyingine ilikuwa ghala la usiku, mshahara wa chini, bima kuanzia mwezi wa pili. Yuko ghalani.

Siku hizi watu huniletea barua zao. Juzi alikuja mama mmoja jirani yetu, mkimbizi kutoka Kongo, na karatasi ya kukataliwa kipimo cha moyo. Alidhani ni deni. Kiingereza chake ni kidogo na alikuwa akimtumia mjukuu wa darasa la nne kutafsiri kwa daktari. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inalazimika kukupa mkalimani bila malipo, hata kwa simu, na Kiswahili kipo. Mashirika ya bima kwenye soko la serikali na Medicaid nayo vilevile. Tulipiga simu pamoja, tukasema neno moja tu, "Swahili", tukasubiri, na sauti ya mwanamume ikaingia: "Shikamoo mama, niko hapa, ongea taratibu." Mama alieleza mwenyewe ugonjwa wake kwa mara ya kwanza tangu afike nchi hii. Rufaa imeandikishwa, daktari wake ameombwa barua ya kuiunga mkono, na tumeandika kwenye kalenda yake tarehe ya kupiga tena.